Kuyumba na Kurudi: Mwili na Akili ya Mwanafunzi wa Chuo Wakati wa Msongo

Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, Phillip Marucha, Janice Kiecolt-Glaser na mwenzao, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi 11 wa udaktari wa meno. Kila mwanafunzi alitobolewa kidonda kidogo kwenye kaakaa gumu, pale juu ya kinywa unapopagusa kwa ulimi, chenye kipenyo cha milimita 3.5. Kidonda cha kwanza kilitobolewa wakati wa likizo. Cha pili kilitobolewa upande mwingine wa kaakaa, siku tatu kabla ya mtihani mkubwa wa kwanza wa muhula. Mtu yuleyule, kinywa kilekile, kidonda cha ukubwa uleule. Kile cha wakati wa mtihani kilichelewa kupona kwa wastani wa siku tatu, yaani asilimia 40 zaidi, na hakuna hata mmoja kati ya wale 11 aliyepona haraka kama alivyopona likizoni.

Mwanafunzi wa chuo akisema UE, mtihani wa mwisho wa muhula, imembana, mara nyingi huambiwa akaze, kwamba hayo ni mawazo tu na waliomtangulia waliyapita. Jaribio la Ohio linaonyesha kwamba hayo mawazo hufika mpaka kwenye nyama ya mdomo. Msongo wa masomo unaugusa mwili sawasawa na unavyoigusa akili, na njia za kuuhimili zinapatikana kote kuwili. Mwanafunzi mstahimilivu naye hutikisika kama wengine. Kinachomtofautisha ni kwamba baada ya kutikiswa, mwili na akili yake hupata nafasi ya kurudi mahali pake kabla ya kutikiswa tena. Nafasi hiyo hutengenezwa, na mengi katika makala haya yanahusu namna ya kuitengeneza.

Kinachotokea mwilini

Chukua asubuhi ya pepa. Umefika mlangoni saa moja na nusu, ukawasikia wenzako wakijadili mada ambayo hukuigusa kabisa. Ndani ya sekunde chache adrenalini imeshamwagika kwenye damu: moyo unakwenda mbio, viganja vinatoka jasho, tumbo linachafuka. Nyuma yake inafuata kazi ya taratibu zaidi. Haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo iliyo upande wake wa chini, huiamsha tezi ya pituitari. Pituitari hutuma ujumbe kupitia damu hadi kwenye tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo. Nazo hutoa homoni iitwayo kotisoli. Homoni hiyo hufika kileleni dakika 20 hadi 30 baada ya tukio, wakati huo wewe umeshakaa na unalikabili swali la kwanza.

Kotisoli imesingiziwa mengi. Kila siku hupanda katika nusu saa au zaidi kidogo baada ya kuamka, na ni mojawapo ya vitu vinavyokuinua kitandani. Inapopanda kwa sababu ya hatari, huongeza sukari katika damu ili misuli na ubongo vipate nguvu, na huzisimamisha kazi zinazoweza kusubiri: kusaga chakula, kuponya vidonda, sehemu ya ulinzi dhidi ya maradhi, hata mpangilio wa uzazi. Ndiyo maana msimu wa mitihani wapo wanaoharisha, wapo wanaoshikwa na mafua yasiyoisha, na wapo wasichana ambao siku zao huchelewa bila sababu nyingine.

Mfumo huu una breki. Kotisoli ikishapanda vya kutosha, hurudi kwenye ubongo na kuuambia usitume ujumbe zaidi. Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, wakichunguza ubongo wa panya, waligundua kwamba homoni za msongo hupokewa kwa wingi na hipokampasi, sehemu inayoshughulika na kumbukumbu. Yaani mahali pale pale unapopategemea ukumbuke somo ndipo pia panaposikiliza msongo wako. Miaka 25 baadaye McEwen na Eliot Stellar walieleza jinsi mwili unavyolimbikiza mzigo pale mfumo huu unapotumika mfululizo bila kupumzishwa. Kupanda kwa kotisoli asubuhi ya pepa hakuna ubaya. Ubaya ni isiposhuka jioni, wala kesho yake, wala wiki ile nzima.

Utafiti ninaotamani kila mwanafunzi aujue ni wa mwaka 2009. Conor Liston, McEwen na B. J. Casey waliwachukua wanafunzi wa udaktari waliokuwa katika mwezi wa kujiandaa kwa mtihani mkubwa wa leseni, wakawalaza ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwapa zoezi dogo la kuhamisha umakini kutoka jambo moja hadi jingine. Walifanya vibaya kuliko wenzao wasiokuwa na mtihani, na picha zilionyesha kwamba mawasiliano ya sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga na kuamua, yalikuwa yamevurugika. Kisha mtihani ukapita. Baada ya mwezi mmoja wa utulivu walipimwa upya, na tofauti ile ilikuwa imekwisha.

Basi ukijikuta unasoma ukurasa mmoja mara nne na hakuna kinachoingia, usikimbilie kusema huna akili ya kozi hiyo, au kwamba uliingia chuo kwa bahati. Huenda ni ubongo uliochoka, na ubongo uliochoka hurudi ukipewa nafasi.

Je, wengine wamezaliwa hivyo?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Ila si kwa namna rahisi inayosimuliwa. Mwaka 2003 Avshalom Caspi na wenzake, wakiwafuatilia vijana wa Dunedin, New Zealand, walitangaza kwamba aina fulani ya jeni inayohusika na serotonini, kemikali ya ubongo, huwafanya baadhi ya watu waangushwe na sonona kirahisi baada ya misukosuko. Habari hiyo ilienea kote. Mwaka 2019 Richard Border na wenzake walizipima upya jeni 18 zilizokuwa zikitajwatajwa, kwa takwimu za mamia ya maelfu ya watu, na hawakuziona zikiwa na ile nguvu iliyodaiwa. Tunachorithi kimetawanyika katika jeni nyingi mno, kila moja ikiwa na mchango mdogo. Hakuna jeni ya ustahimilivu, na asikuuzie mtu kipimo chake.

Malezi nayo yana uzito katika jambo hili. Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, tangu utotoni hadi utu uzima. Wapo waliokulia katika umaskini, ugomvi na wazazi wagonjwa, na karibu theluthi moja ya hao waliobebeshwa mazito zaidi walikua watu wazima wenye kujiamini, wenye kazi na wenye kuwajali wengine. Miongoni mwa mambo yaliyowaunganisha ni kwamba kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemthamini bila masharti: bibi, shangazi, mwalimu, jirani. Hakulazimika kuwa mzazi. Wasomaji wetu wengi waliolelewa na bibi kijijini watakielewa kipengele hiki haraka kuliko walivyokielewa maprofesa.

Unavyouona mzigo wako

Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kitabu chao cha mwaka 1984, walieleza kwamba mtu akikutana na jambo gumu hujiuliza mambo mawili, hata kama hajisikii akijiuliza: hili linanitishia nini, na je, nina cha kulikabili? Msongo huzaliwa pale jibu la swali la pili linapopungua kuliko la kwanza. Kwa hiyo kuna njia mbili za kuupunguza. Moja ni kubadilisha jambo lenyewe, nyingine ni kubadilisha namna unavyolibeba. Mwanafunzi mzoefu hutumia zote, na hujua lini atumie ipi.

Bumu, ile fedha ya kujikimu, likichelewa, huna mamlaka ya kuharakisha malipo. Lakini una uwezo wa kwenda kuhakiki kama ulishasaini, kama namba ya akaunti iko sahihi, na kama jina lako limo kwenye orodha. Una uwezo wa kuongea na mama ntilie mapema kabla deni halijakuaibisha. Una uwezo wa kuungana na wenzako wa chumbani mkapika pamoja. Hayo ni ya kubadilisha jambo. Ukishayamaliza, kinachobaki ni kukubali kwamba leo hakuna zaidi, na kulala. Anayekesha akiwaza bumu halipati mapema, ila kesho anaingia darasani bila usingizi.

Na hapa niseme wazi: njaa haitibiwi kwa kuvuta pumzi. Hosteli iliyofurika, mhadhiri anayetisha, rushwa ya ngono, matokeo yanayocheleweshwa miezi kadhaa, haya ni makosa ya kurekebishwa na wenye dhamana. Kumfundisha mwanafunzi kuyavumilia huku yakiachwa yaendelee ni kumdhulumu mara mbili.

Namna ya kuuona mwili wako nayo ina kazi. Mwaka 2010 Jeremy Jamieson na wenzake waliwagawa makundi mawili wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kuombea masomo ya uzamili. Kundi moja liliambiwa kabla ya mazoezi kwamba moyo kwenda mbio wakati wa mtihani hauharibu majibu, na kwamba unaweza hata kusaidia. Kundi la pili halikuambiwa kitu. Walioambiwa walipata alama kubwa zaidi za hisabati siku ile, na wakafanya vizuri zaidi pia katika mtihani halisi baadaye. Miili yao haikuwa imetulia. Walikuwa wameacha tu kuuogopa moyo wao wenyewe.

Kuna pia swali la kama unajiona wa pale. Mwanafunzi aliyetoka shule ya kata Kigoma au Lindi, akaingia ukumbi wa mihadhara wenye mamia ya watu, anasikia Kiingereza kinachomiminika na wachache wa mbele wakijibu kwa kujiamini. Kwenye seminari ananyamaza, si kwa kutojua, bali kwa kuogopa kuchekwa. Akipata alama mbaya kwenye test ya kwanza, anaona amethibitishiwa kwamba hapa si mahali pake. Gregory Walton na Geoffrey Cohen walilishughulikia jambo hili katika chuo kimoja cha Marekani. Katika kikao cha takriban saa moja, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisoma maelezo ya waliowatangulia kwamba nao mwanzoni walijiona wageni, na kwamba hali hiyo ilipungua kadiri muda ulivyokwenda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba wanafunzi weusi waliopitia kikao kile walipandisha alama zao katika miaka mitatu iliyofuata, na pengo kati yao na weupe likapungua kwa nusu. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayesoma haya anaweza kufanya kazi hiyo kwa mdogo wake wa mwaka wa kwanza, bila bajeti yoyote: mweleze kwa ukweli ile sapu (mtihani wa marudio) uliyoipata, na ulivyoifuta.

Usingizi kwanza

Kama ningeruhusiwa kushauri jambo moja tu, ningechagua usingizi, na najua ndilo gumu kuliko yote kwa mtu anayebebana kitanda kimoja na mwenzake kwenye chumba cha watu wanane. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake waliwalaza watu saa sita kwa usiku kwa muda wa wiki mbili. Umakini wao ulishuka hadi kiwango cha mtu aliyekesha usiku mzima au zaidi. La kutisha zaidi, wenyewe walidhani wanaendelea vizuri. Utafiti mwingine, wa mwaka 2007, ulionyesha kwamba usiku mmoja wa kukesha huifanya amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, kuwaka zaidi kwa takriban asilimia 60 mtu anapoonyeshwa picha mbaya. Aliyekesha hupoteza somo na utulivu kwa pamoja.

Yapo yanayowezekana hata hosteli. Kubalianeni saa ya kuzima taa na kupunguza sauti, iandikwe na kubandikwa mlangoni, kwani makubaliano ya mdomo huvunjika wiki ya kwanza. Simu ikae mbali na mto. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie mchana: kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu tu, hivyo chupa ya saa kumi na mbili jioni bado ina nguvu saa tano usiku. Kama ni lazima upige msuli usiku, weka kikomo, mathalani saa sita, kisha amka alfajiri. Saa tisa usiku kabla ya pepa ya saa mbili asubuhi, unachokisoma hakikai, na kinachoharibika ni kile ulichokwisha kukijua.

Namna ya kusoma nayo hulinda dhidi ya msongo. Mwaka 2016 Amy Smith, Victoria Floerke na Ayanna Thomas wa Chuo Kikuu cha Tufts waliwafundisha watu 120 orodha za maneno na picha. Nusu walirudia kwa kusoma tena. Nusu walifunika na kujaribu kukumbuka. Kesho yake baadhi yao walibanwa kwa kulazimishwa kuhutubia na kukokotoa hesabu mbele ya watu. Waliosoma kwa kurudia walisahau zaidi walipobanwa. Waliojizoesha kukumbuka hawakuathirika. Kwa lugha ya hosteli: kupitia madesa (notisi) mara tano kwa kalamu ya rangi hukupa faraja ya uongo. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka, kisha fungua uone ulichoacha. Fanya pepa za miaka iliyopita kwa kujipimia muda. Ni kazi inayoumiza kichwa, na maumivu hayo ndiyo faida yake.

Kwa dakika zile za mlangoni, pumzi husaidia kweli. Vuta kwa kuhesabu hadi nne, toa taratibu kwa kuhesabu hadi sita, rudia kwa dakika tatu au nne. Hapo unapumua takriban mara sita kwa dakika, na katika kila pumzi inayotoka, neva ya vagasi huupunguza mwendo wa moyo. Jizoeshe siku za kawaida, la sivyo siku ya pepa utasahau hata namna ya kuhesabu. Kutembea kwa kasi au kucheza mpira jioni kunafaa vilevile, hasa katika wiki ambazo unaona huna muda huo.

Usijiandae peke yako kwa mambo ya kutisha. Mwaka 2003 Markus Heinrichs na wenzake huko Zurich waliwapa wanaume 37 dakika chache za kujiandaa kuhutubia mbele ya watu wasiowajua. Waliokuwa na rafiki wa karibu pembeni wakati wa kujiandaa walitoa kotisoli kidogo kuliko waliokaa peke yao. Una presentesheni kesho? Mwombe mwenzako akusikilize leo.

Msongo unapozidi nguvu

Si kila uchovu ni msongo. Malaria, taifodi, upungufu wa damu na ujauzito huanza kwa uchovu na kukosa hamu, kwa hiyo pima kwanza. Lakini ukiona kwa wiki mbili au zaidi huzuni haiondoki, hupendi tena ulichokuwa ukikipenda, hulali au unalala mno, huli, hutoki chumbani, na unaanza kuhisi huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona, ugonjwa unaotibika. Hauko peke yako: utafiti ulioratibiwa chini ya Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2018, uliohusisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo 19 vya nchi nane, Afrika Kusini ikiwemo, ulikuta takriban theluthi moja yao wamewahi kuwa na dalili za angalau ugonjwa mmoja wa akili.

Msaada hauanzii kwa daktari bingwa pekee. Nchini Kenya, Tom Osborn na wenzake waliwapa vijana waliomaliza sekondari karibuni mafunzo ya kuendesha vikao vinne vya mpango uitwao Shamiri. Matokeo ya mwaka 2021, kwa wanafunzi 413 wa sekondari, yalionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua kuliko katika kundi lililofundishwa mbinu za kusoma tu. Kijana akimsikiliza kijana mwenzake kwa utaratibu, kitu hubadilika.

Mwenzako akisema anataka kujiua, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, usibishane naye wala usimhubirie. Mwulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Ondoa dawa, sumu na kamba chumbani, kaa naye, ita mtu mwingine, mfikisheni zahanati ya chuo au hospitali usiku huohuo. Hospitali za rufaa za mikoa hupokea dharura za aina hii, na kwa walio Dodoma ipo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe.

Wazazi nao wana sehemu. Mkipiga simu, msianze na GPA. Ulizeni amekula nini, analala saa ngapi, anakaa na nani. Mtoto anayejua kwamba akidisko, yaani akiondolewa chuoni kwa kufeli, bado ana kwao husema mapema anapokwama.

Na kama mitihani iko mbele na hali imeshakuwa mbaya, nenda kwa mshauri wa wanafunzi kabla ya pepa ya kwanza. Vyuo vingi vina utaratibu wa kuahirisha mtihani, au masomo ya muhula au mwaka mzima, kwa sababu za kiafya, na afya ya akili ni afya. Andika barua fupi, taja kozi na tarehe, ambatisha cheti cha daktari, ipitishe idarani kwako, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mwanafunzi aliyeomba kabla ya mtihani hupangiwa tarehe nyingine. Aliyetoweka bila taarifa huhesabiwa mtoro, na kumtetea baadaye ni kazi ngumu hata kwa mhadhiri anayemwonea huruma.